Kulipwa na YouTube ukiwa na chaneli ndogo: tathmini ya fundi cherehani wa Ngamiani

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga, na tangu Agosti 2021 nina chaneli ya YouTube ninayofundishia kukata na kushona. Leo ina wafuatiliaji 6,340. Si chaneli kubwa. Lakini haipiti wiki bila mtu kuniuliza, awe mteja, awe jirani, awe shemeji yangu wa Handeni: "Hivi YouTube inalipa kweli?" Nimeulizwa mpaka nikaona bora nifungue daftari langu la hesabu niandike yote, zuri na baya, kama mtu anavyoeleza duka alilonunulia vitu miaka minne mfululizo.

Inalipa. Malipo ya kwanza niliyapata Novemba 2023, ya mwisho Julai 2025. Ni malipo sita, jumla dola 648. Benki ilipokwisha kubadilisha na kukata chake, zilizofika mkononi mwangu ni shilingi 1,512,000. Ili mnielewe wenzangu wa ufundi: nikipata sare za harusi za kina dada kumi na wawili, ufundi 25,000 kwa kila mmoja, hiyo ni laki tatu, na kazi ni ya wiki mbili. Kwa hiyo miaka minne ya YouTube imenipa fedha ya harusi tano. Anayetaka kufunga kibanda ashike simu aanze na hesabu hiyo.

Sasa nieleze njia yenyewe, maana wengi wanaishia njiani na hawajui ni wapi.

Mlango wa kuingia kwenye malipo ya matangazo una vizingiti viwili: wafuatiliaji 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Hivi ndivyo ilivyo tangu mwaka 2018; kabla ya hapo ilitosha chaneli kutazamwa mara 10,000. Wafuatiliaji elfu moja niliwapata Februari 2022 bila kuhangaika sana, kwa sababu wateja wangu, ndugu zao na kina mama wa kikoba chetu walibonyeza wote. Saa ndizo zilizonitesa. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila anayefungua video yako anakaa dakika nne, basi unahitaji kufunguliwa mara 60,000 ndani ya mwaka mmoja. Na mwaka wenyewe unatembea: saa ulizopata Septemba iliyopita, Septemba hii ikipita zinatoka kwenye hesabu. Nilikuwa bado mbali, nikauguliwa na mama, sikurekodi mwezi mzima, nikarudi nikakuta namba iko karibu pale pale. Ni sawa na kuteka maji kwa ndoo inayovuja. Unachota, lakini lazima uchote haraka kuliko inavyovuja.

Hapo ndipo niliponaswa, na nalisema wazi kwa sababu najua kuna wengine wako kwenye hali hiyo hiyo leo. Juni 2022, kwenye kundi moja la simu, kijana alikuwa anauza "saa". Elfu themanini kwa saa 4,000, nusu kwanza. Nikamtumia arobaini. Kweli saa ziliongezeka, kama 600 hivi, kwa siku chache, kisha zikafutika zote. Nilipompigia, simu haikupatikana tena. Baadaye ndipo niliposoma masharti yenyewe: saa na wafuatiliaji wa kununua haviruhusiwi kabisa, mfumo unavigundua na kuvitoa, na chaneli inaweza kunyimwa malipo moja kwa moja. Elfu arobaini ile ilikuwa ya vitambaa vya bitana. Iliniuma mno, na mpaka leo nikiona tangazo la namna hiyo kwenye kundi naandika chini yake: msitume hela.

Kilichonivusha ni video moja tu.

Septemba 2022 mteja aliniletea gauni la kitenge lililoshonwa pengine. Lilikuwa limekaa vizuri akiwa amesimama, ila akinyanyua mkono kushika bomba la daladala, gauni zima linapanda nalo mpaka magotini. Alikuwa ameshalirudisha kwa fundi wa kwanza, akamchimbia kwapa chini zaidi, likawa baya zaidi. Nililiweka juu ya meza, nikafunga simu kwenye nondo ya dirisha kwa lastiki mbili, nikaanza kufumua huku nikieleza. Kwamba mafundi wengi tunakosea hapa: mkono ukibana tunafikiri dawa ni kushusha kwapa. Kumbe kwapa likishuka sana, mkono unakuwa umeshonwa na ubavu wa gauni, na kila ukinyanyua unavuta ubavu. Kwapa lipande, likae vidole viwili chini ya kwapa lenyewe la mtu, ndipo mkono unakuwa huru. Na kama kitambaa kimeshakatwa, hakiongezeki, basi tuwaige washonaji wa kanzu: weka kikwapa. Kile kipande kidogo cha pembe nne kinachoshonwa pale mkono unapokutana na badani, yaani kiwiliwili cha nguo. Wazee wetu walikijua zamani, na mimi nilifundishwa na babu mzaa mama aliyekuwa akishona kanzu hapa hapa mjini. Nikakata kikwapa cha inchi tatu kwa tatu, nikakiingiza mbele ya kamera, pembe moja baada ya nyingine, nikisimamisha sindano ndani ya kitambaa kila ninapogeuza kona. Mwishoni mteja akavaa, akanyanyua mikono yote miwili. Gauni likabaki pale pale.

Dakika kumi na moja. Sauti ya mvua juu ya bati inasikika kuanzia dakika ya sita. Hakuna muziki, hakuna madoido. Ndani ya miezi miwili ilikuwa imetazamwa mara 38,000, na kila mtazamaji kwa wastani alikaa dakika tano na kidogo. Video hiyo peke yake ilinipa zaidi ya saa 3,200. Leo imefika mara 96,000, na bado kila mwezi ndiyo inayoongoza kwa kuniingizia.

Nilijifunza jambo hapo ambalo nitalirudia kwa yeyote: mtu haji kwenye chaneli ndogo kukuangalia wewe. Anakuja na gauni lililoharibika mkononi. Video zangu zilizotazamwa sana zote zina tatizo ndani ya jina: mkono unavuta, shingo inapwaya, cherehani inaruka, zipu inajikunja. Zile nilizoziita "Mishono mipya ya vitenge", ambazo nilizihangaikia kwa taa na mapambo, zimekufa na mamia machache.

Novemba 2022 nikavuka saa 4,000, Desemba nikaomba, siku ya tisa nikajibiwa kuwa nimekubaliwa. Nililia, nasema kweli. Binti yangu wa kwanza alifikiri kuna msiba.

Lakini kukubaliwa si kulipwa. Kuna akaunti ya AdSense, ndiyo inayoshika fedha, na hapo kuna hatua ambayo kwa mazingira yetu inahitaji maandalizi. Salio likifika dola 10, wanatuma barua ya karatasi, kwa posta, yenye namba ya siri ya tarakimu sita. Usipoiingiza namba hiyo ndani ya miezi minne, matangazo yanasimamishwa kwenye chaneli yako. Sasa wangapi kati yetu tuna sanduku la posta? Mimi sikuwa nalo. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma mwanangu mdogo, nikamwomba nitumie S.L.P. ya shule, akakubali kwa moyo mmoja. Barua ya kwanza sikuiona. Baada ya wiki tano nikaomba nyingine. Wiki zikapita. Nikaanza kwenda ofisi ya shule kila Ijumaa mpaka karani akawa akiniona tu anatikisa kichwa. Mei 2023 ndipo alipoinua rundo la vipeperushi juu ya kabati, na katikati yake kikawepo kijibarua cheupe, chembamba, cha kuchana pembeni kwa vitobo, kina jina langu. Nilikifungulia pale pale kwenye benchi la wazazi. Karatasi ndogo tu, na namba sita. Niliingiza kwenye simu nikiwa bado nimekaa, vidole vinatetemeka, kwa sababu nilikuwa nimebakiza wiki mbili na siku kadhaa.

Kwa hiyo kabla hujafika dola 10, tafuta sanduku la mtu anayelifungua kila wiki, si kila muhula. Jina uandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, herufi kwa herufi. Rafiki yangu wa Muheza aliandika jina la mume wake upande mmoja na la baba yake upande mwingine, akasumbuka miezi.

Fomu ya kodi ya Marekani inawatisha watu bure. Inaitwa W-8BEN, unaijaza humo humo kwenye akaunti ndani ya dakika ishirini, unaeleza kwamba wewe si Mmarekani na unaishi Tanzania. Kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa kodi na Marekani, watakata asilimia 30, lakini ni kwa kile tu kilichotokana na watazamaji walioko Marekani. Mwezi mmoja nilipata dola 4.10 kutoka huko, wakakata 1.23, basi. Usipoijaza ndiyo hatari, kwa sababu hapo wanaweza kukata asilimia 24 ya mapato yote, hata ya mtazamaji wa Korogwe. Jaza. Na huku nyumbani nayo ni mapato kama mapato mengine. Mimi nayaandika kwenye hesabu zilezile za kibanda ninazopeleka TRA. Wenzetu wa Kenya sheria yao ya fedha ya 2023 iliweka zuio la asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni, nawasikia wakilizungumzia kwenye komenti.

Kuna na lile la leseni. Nilipoanza, kila mtu alinitisha na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa sababu kanuni za 2018 za maudhui ya mtandaoni zilitaka ada ambazo kwa pamoja zilipita shilingi milioni mbili, na wenye blogu walifunga wakati ule. Kanuni hizo zimebadilishwa mwaka 2020 na tena 2022. Ushauri wangu ni mmoja: uliza TCRA wenyewe kuhusu aina ya video zako kabla ya kuanza, usiulize kijiweni.

Nirudi kwenye fedha. Tangazo likionyeshwa kwenye video yako, YouTube inachukua asilimia 45, wewe unapata 55. Huo mgawo ni mzuri kuliko ninavyopata kwa duka linalouza madera yangu mjini. Shida iko kwenye tangazo lenyewe: thamani yake inategemea limeonyeshwa kwa nani na wapi. Julai mwaka huu video zangu zilitazamwa mara 52,000 nikapata dola 38. Gawanya, ni senti 73 za dola kwa kila mara elfu moja. Wakati naanza ilikuwa senti hamsini na kitu.

Ndani ya YouTube Studio, ukurasa wa mwenye chaneli kuangalia hesabu na video zake, unaona kila nchi na fungu lake, na hapa ndipo ninapowasifu bila kusita, maana sijawahi kuwa na mteja wala tajiri aliyeniwekea hesabu wazi namna hii. Watazamaji wangu sita kati ya kumi wako Tanzania. Wanaofuata ni wa Kenya, halafu Kongo, hasa Lubumbashi na Bukavu kwa jinsi wanavyojitaja kwenye komenti, halafu Oman. Wa Marekani hawafiki hata wawili katika mia. Lakini hao wawili wananiletea karibu sehemu moja ya kumi ya mapato. Mtazamaji mmoja wa Minnesota ni sawa na kundi zima la kina mama wa Tanga. Nimewahi kushauriwa nifundishe kwa Kiingereza ili niwapate wengi wa huko. Nimekataa. Kwapa, badani, taharizi, haya maneno nimeyapokea kwa Kiswahili na mama wa Kigoma anayenitazama usiku anayahitaji kwa Kiswahili. Fedha itapungua, sawa.

Jambo jingine la matangazo. Mwanzoni, kila ukifungua video zangu linakuja tangazo la kamari. Mechi, mkeka, cheza ushinde. Kaka yangu amepoteza pikipiki mbili kwa mikeka. Sikuweza kuvumilia mtu aje kujifunza kuweka zipu akutane na hilo kwenye chaneli ninayoiendesha mimi. Niliuliza, nikaonyeshwa kwamba kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kuzuia aina za matangazo. Nikazuia kamari, nikazuia na pombe. Mapato yalishuka kwa miezi miwili, dola tatu nne hivi kwa mwezi, kisha yakarudi kwa njia nyingine. Naitaja kwa sababu wengi hawajui kwamba uwezo huo upo.

Januari matangazo hupungua bei na utaona salio linatambaa. Kwangu miezi mizuri ni Ramadhani yote, kila mtu anataka nguo ya Idi na mafundi wachanga wako mbioni, halafu Novemba na Desemba.

Zile klipu fupi, Shorts, mimi nimeziweka kando. Tangu Februari 2023 nazo zina mgawo wa matangazo, asilimia 45 kwa mwenye klipu, lakini kinachogawiwa ni kidogo mno. Nina klipu ya sekunde arobaini ya kushona zipu ya kuficha, imetazamwa mara 210,000. Imenipa dola 4 na senti kadhaa. Na saa za kutazamwa kule kwenye mtiririko wa Shorts hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Huko unatakiwa kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Zinaleta wafuatiliaji, hilo ni kweli, ila wengi wao hawarudi kukaa dakika kumi na moja na mkasi.

Kwenye video ndefu wapo watakaokwambia hakikisha inafika dakika 8, kwa sababu kuanzia hapo unaruhusiwa kuweka matangazo katikati. Ni kweli, na mimi zangu nyingi zinafika zenyewe. Lakini sivuti video kama mpira. Niliwahi kujaribu mara moja, nikasalimu dakika mbili nzima, nikaona kwenye mchoro wa Studio watu wanavyotoka mmoja mmoja kabla hata sijashika chaki. Nikaifuta.

Muziki uangalieni sana. Jirani yangu anapenda taarabu na redio yake inasikika hadi kwangu. Video ya kukata dera ilirekodiwa na wimbo mzima nyuma yake, nikapata taarifa kwamba mwenye haki za wimbo ametambuliwa na matangazo ya video ile yatamlipa yeye. Ni haki yake, kazi ni yake. Jua tu kwamba taarifa hiyo si sawa na onyo: maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli, taarifa hii inahamisha mapato tu. Studio ina sehemu ya kunyamazisha kipande chenye wimbo, nikanyamazisha, nikaandika maelezo ya kukata kwenye skrini pale sauti ilipokosekana. Siku hizi narekodi alfajiri baada ya swala, kabla redio hazijawashwa.

Gharama zangu ni hizi. Simu nilikuwa nayo. Stendi ya simu 25,000, taa ya duara 45,000, maiki ya kubana kwenye nguo 18,000, na hiyo maiki ndiyo kitu cha kwanza ningenunua kama ningeanza upya, kabla ya taa. Bando ndilo linalokula: karibu 35,000 kwa mwezi, na nilipunguza kwa kurekodi kwa ubora wa 720 badala ya 1080 na kupandisha usiku. Weka hesabu mezani utaona kwamba mwaka wa kwanza wa malipo sikupata faida. Bando lilikuwa kubwa kuliko dola.

Na dola zenyewe zinatoka kwa utaratibu wake. Hupewi chochote mpaka ufikishe dola 100. Chini ya hapo salio linalala mwezi hadi mwezi. Ukifikisha, fedha inatumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Mimi ilinichukua tangu Desemba 2022 hadi Oktoba 2023 kufika mia ya kwanza. Miezi kumi. Katika malipo yote sita hawajapitisha tarehe hata mara moja. Kilichonishtua ni upande wa pili: dola 103.42 zilipoingia kwenye benki ninayotumia, nilikatwa 27,500 kwa kupokea, na kila mara makato ni hayo hayo, iwe mia au mia tatu. Ndiyo maana tangu mwaka huu nimepandisha kiwango changu cha kulipwa, unaweza kukiweka juu ya mia mwenyewe kwenye akaunti, nikaweka 200. Napokea mara chache, nakatwa mara chache. Ulizia makato ya kupokea fedha za kigeni katika benki mbili tatu kabla hujaandika namba ya akaunti.

Kwa hiyo kwa nini naendelea? Kwa sababu ya watu. Mwaka 2024 YouTube ilinilipa mara tatu, kama 780,000 kwa fedha yetu. Mwaka huo huo wanafunzi walionijua kupitia YouTube na kuja kujifunza kibandani walinilipa 2,160,000. Namba yangu ya kazi iko chini ya kila video. Wa kwanza alitoka Muheza kwa basi la asubuhi, alishuka na simu mkononi, video ya kikwapa imesimamishwa dakika ya saba, akaniambia: "Dada, hapa ndipo ninapokwama, nionyeshe kwa mkono." Nilimwonyesha. Akakaa miezi mitatu, sasa ana cherehani mbili na msichana anayemsaidia. Wapo dada zetu walioko Muscat wanaofanya kazi za nyumbani, wananitumia vipimo na picha, wanataka madera wapelekewe mama zao Tanga na Pangani. Kuna mmoja huandika komenti kila video mpya, saa sita usiku, amemaliza kazi: "Fundi nimekuona, nimelala salama." Hiyo siijui nitaipigia hesabu gani.

Kama una ufundi ambao watu wanaukosea, na una uwezo wa kusubiri mwaka na nusu bila kupokea kitu, ningekwambia anza wiki hii. Kama una kodi ya nyumba ya mwezi ujao unayoitegemea huku, usianze. Tafuta kazi ya kukulipa mwisho wa mwezi, YouTube ifanye jioni. Nyota natoa tatu kati ya tano: uwazi wa hesabu na uaminifu wa tarehe vinastahili tano kamili, kiwango kwa sisi tunaotazamwa Afrika Mashariki kinastahili moja na nusu, na barua ya posta sijui niipe ngapi.

Yule dada wa Muscat ameomba shingo ya dera inayopwaya baada ya kufuliwa mara mbili. Dera lenyewe amelituma kwa mtu aliyekuja likizo, nimelitundika hapa ukutani, na tatizo nimeshaliona: shingo ilikatwa kwa mshazari na haikuwekewa utepe. Nitalifumua Jumamosi alfajiri mbele ya kamera. Salio la leo asubuhi ni dola 61 na senti 18.